Amondi Amesema "Pi", na Mama Yake Ananiomba Niandike "Maji"

Mama Sabina, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama maana tangu jana kiti kimenishinda, nikikaa naamka, nikiamka nacheka peke yangu, mpaka mama mwenye nyumba ameniuliza kama nimeposwa, nami nikamjibu hapana mama, hii imezidi kuposwa, mtoto wangu amesema! Hapo ndipo nikamchanganya kabisa, kwa sababu anajua sina mtoto. Naomba unisikilize mpaka mwisho, furaha niliyo nayo ni kubwa na ndani yake kuna mwiba, na mwiba wenyewe lazima utoke kabla ya Jumamosi.

Naitwa Evelina, kwetu ni Kisesa ila nimepanga hapa Kiseke, na kazi yangu ni tiba ya lugha na matamshi kwa watoto, yaani wale waliochelewa kuongea au wanaoongea bila kueleweka, tunakaa nao kliniki chini kwenye mkeka, tunacheza, na humohumo kwenye mchezo tunatafuta neno. Wengi hawaijui kazi hii, baba yangu mzazi mpaka leo anawaambia majirani kuwa nafundisha chekechea na mimi nimeacha kumsahihisha.

Sasa yupo binti anaitwa Amondi, ametimiza miaka minne, anacheka kwa sauti, anapenda maji kuliko pipi, masikio yake yalishapimwa na yako salama, lakini tangu azaliwe alikuwa hajatamka kitu ambacho mtu angeapa kwamba hili ni neno. Akitaka kitu anakushika mkono anakuvuta mpaka kilipo. Mama yake ni Truphosa, fundi cherehani wa Mabatini, na baba yake ni Odongo, fundi wa injini za mitumbwi kwenye kisiwa kimoja upande wa Ukerewe, anakuja nyumbani mara chache lakini usidhani ni baba wa kutuma hela tu, siku ya kwanza alisafiri akamleta mtoto mwenyewe na akaniambia, "Mwalimu, kila utakachomwandikia mama yake na mimi nitumie. Niko mbali, sitaki mwanangu anione mgeni." Kwa hiyo mama namtumia maelezo kwa simu siku ileile ya kipindi, na baba namtumia Jumamosi, anapotoka kazini kwenda mahali penye mtandao. Mtoto mwenyewe mchana kutwa anakaa na bibi mzaa baba, ambaye walimtoa Shirati aje kuwasaidia kulea.

Kuhusu hayo maelezo, Mama Sabina, ndiko mambo yote yalikoanzia. Zamani nilikuwa naandika hivi: "Amondi ameshiriki vizuri. Umakini umeongezeka. Endeleeni na mazoezi nyumbani." Nikimaliza najisomea tena naona nimeandika kitaalamu kweli. Hadi siku moja Truphosa alipoingia ameshika simu yake kama mtu aliyekuja na ushahidi, akaniambia, "Mwalimu usikasirike, nakuheshimu. Lakini hii 'endeleeni na mazoezi', mazoezi gani? Mimi natoka kwenye cherehani nimechoka, nina mboga mkononi, mtoto ananivuta gauni, nifungue mdomo niseme nini? Unaniambia ameshiriki vizuri. Ameshiriki nini? Hata msibani watu wanashiriki vizuri."

Nilicheka na nikaona aibu papo hapo, na kuanzia siku hiyo nikageuza uandishi wangu. Naandika alichofanya mtoto, kwa maneno ambayo mtu angeweza kuiona picha yake, naandika mimi nilifanya nini kabla hajakifanya, kisha naandika jambo moja tu la kufanya nyumbani, tena ndani ya kazi ambayo nyumba ile inaifanya kila siku. Kwa mfano niliwaandikia, "Mkimwogesha, mmwagieni maji kidogo, kisha acheni. Mtazameni usoni, msiseme kitu. Akiwatazama au akitoa sauti yoyote, mmwagieni tena." Basi Truphosa akaanza kunijibu! Zamani alikuwa ananitumia kidole gumba tu, sasa ananitumia sauti ndefu, mwalimu leo kanitazama, mwalimu leo kapiga kelele nilipoacha kumwagia, na mimi nasikiliza huku nakula chakula cha mchana na wenzangu wananiuliza ni nani huyo anayenichekesha hivyo.

Sasa Jumanne. Tulikuwa kwenye mkeka na beseni dogo, nina jagi na kikombe, namimina kidogo anakunywa, namimina kidogo anamwagia mdoli, halafu nikaacha. Nikashika jagi juu nikanyamaza, na Mama Sabina kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenye kazi hii, ulimi unawasha, unatamani umsemee. Amondi akatazama jagi, akanitazama mimi, akatazama jagi tena, akafunga midomo yake, akasema "pi". Nikamimina. Nikaacha tena. "Pi." Nikamimina. Kila nilipoacha alisema, tena ananitazama machoni kama mtu anayedai haki yake!

Lakini mimi ni Msukuma, kwetu maji ni minzi, na Kiswahili ni maji, kwa hiyo hiyo "pi" sikujua niiweke wapi, nikadhani ni mchezo wa midomo tu, kwa sababu wiki iliyotangulia tulipuliza mapovu ya sabuni na nilikuwa namfanyia "pa, pa" yanapopasuka. Ilibaki kidogo nisiiandike. Nikakumbuka maneno ya Truphosa ya msibani, nikaandika kama nilivyosikia: "Leo kila nilipoacha kumimina maji, Amondi alinitazama akasema 'pi'. Sijui kama ni mwanzo wa neno au ni sauti tu. Mkiisikia nyumbani, niambieni alikuwa anataka nini."

Kesho yake asubuhi simu ikaita, nikasikia mtu anapiga kelele, "Umeandika pi! Mwalimu, umeandika pi!" Nikashtuka nikasema samahani dada, kama nimekosea nitarekebisha. "Hujakosea! Pi ni maji! Kwetu Wajaluo maji ni pi! Mwanangu ameomba maji, mwalimu, ameomba maji kwa mdomo wake!" Mama Sabina, nilipiga kigelegele palepale barabarani, watu wakageuka, bodaboda mmoja akanipigia honi kunipongeza bila kujua kwa nini, na upande wa pili nasikia Truphosa analia na wateja wake wanamuuliza kuna nini.

Tulipotulia, akashusha sauti. Akaniambia, "Lakini mwalimu, nakuomba kitu. Kwenye maelezo ya baba yake usiandike pi. Andika amesema maji."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo sikulijua. Kumbe miezi kadhaa iliyopita kuna mtu alimwambia Odongo kwamba mtoto hasemi kwa sababu anachanganywa na lugha mbili, na Odongo akapiga marufuku Kijaluo kwa mtoto, Kiswahili peke yake. Bibi Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei gani na punguza kidogo, kwa hiyo alipokatazwa Kijaluo alibaki kimya, anamlisha mtoto kimya, anamvalisha kimya. Baadaye akamwambia Truphosa, "Nimeshindwa. Nimwogeshe mjukuu wangu kimya kama naosha sufuria?" Akarudia lugha yake, na Truphosa akafumba macho, ila siku moja Odongo aligundua akiwa kwenye simu, akasikia bibi anaongea na mtoto kwa nyuma, akasema kwa hasira kwamba akisikia tena atamrudisha mama yake Shirati. Na bibi akiondoka, Truphosa hana wa kumwachia mtoto, na mtoto atampoteza mtu aliyempa neno.

Nikamwambia Truphosa mimi siwezi kuandika asichosema mtoto. Akanijibu, "Uongo uko wapi? Pi ni maji, maji ni pi. Wewe umemtafsiria tu." Na hapo, Mama Sabina, ndipo aliponiweza, kwa sababu nilitafuta jibu nikalikosa.

Nikiandika "pi", Odongo ataelewa kabla hajamaliza mstari, na siku ya furaha itageuka siku ya bibi kufunga mzigo. Nikiandika "maji", baba atafurahi, nyumba itatulia, lakini mimi nitajiangaliaje. Nilisoma, na nimeona kwa watoto wengi wa Mwanza hii, kwamba lugha mbili hazimfungi mtoto mdomo, lakini mimi binti mdogo wa Kisukuma niingieje kwenye nyumba ya Wajaluo nimwambie mwanaume amekosea wapi na mama yake mzazi? Baba ameshaniuliza, "Mwalimu, wiki hii vipi?" nimemjibu kuwa naandaa. Niandike lipi? Nisaidie, na usinicheke kwa furaha yangu, hii ni mara ya kwanza mtoto niliyeanza naye bila neno hata moja anafika hapa.

Evelina, Kiseke

MAMA SABINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinifikia Alhamisi, na kwa kuwa Jumamosi yako isingelingoja gazeti, nilikujibu kwa ujumbe wa simu siku ileile. Haya ninayoyachapa hapa ndiyo niliyokuambia, kwa faida ya wengine wenye kazi kama yako, na wenye nyumba kama ya Truphosa.

Kwanza kaa chini. Umekaa? Hongera! Mimi nimelea watoto na wajukuu, na barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, nikamsomea mume wangu, naye ni mtu asiyefurahishwa na kitu isipokuwa mvua. Akasema, "Huyo mtoto mwenye pi apewe maji." Kwa hiyo usiogope kwamba nitakucheka. Anayecheka furaha ya namna hiyo hajawahi kungoja neno la mtoto.

Sasa nikugombeze. Umekaa na Amondi muda wote huo, unajua anapenda mapovu, unajua anapenda maji, na hukuwahi kuuliza lugha gani inaongewa anapoamka na anapolala? Wewe kazi yako ni lugha! Hapa Mwanza nyumba moja inaweza kuwa na Kijaluo jikoni, Kisukuma kwa jirani na Kiswahili uani. Ungeuliza siku ya kwanza, Odongo angekueleza hofu yake, ungemjibu mapema, na marufuku isingezaliwa. Hilo ni lako. Kuanzia sasa kila familia mpya iulize, na uandike.

Tuje kwenye swali. Usiandike "maji".

Truphosa ana akili sana, na hoja yake ni tamu, lakini nitakupa jibu ulilolikosa. Tafsiri inampa mtu maana. Baba huyu haulizi maana, anauliza mwanawe ametamka nini. Ukimwandikia "maji", Jumamosi hiyohiyo atapiga simu aseme, "Mpeni simu. Amondi, sema maji." Mtoto atakaa kimya. Baba atasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na mtoto ambaye juzi alishinda ataonekana ameshindwa. Wiki ijayo itakubidi umtungie neno jingine la kulifuata lile. Njia ya mwongo ni fupi, na mwishoni mwa njia hii hajasimama bibi wala Truphosa, amesimama mtoto. Na tena, ukiipa marufuku ya baba sifa ya neno ambalo marufuku hiyo nusura ilizuie, umeipa nguvu. Ataikaza. Bibi atanyamazishwa kwa ushahidi uliouandika wewe mwenyewe.

Lakini usikimbilie kuandika "pi" ukabonyeza ukatuma, halafu ukajisifu umesema kweli. Huo nao ni uvivu. Mtu yuko kisiwani, peke yake, anasoma mstari mmoja, hana wa kumuuliza, hasira inapata nafasi ya kukua. Habari nyingine maandishi hayawezi kuzibeba peke yake, zinataka sauti ya mtu itangulie.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo mpigie Truphosa. Mwambie waziwazi kwamba hutaandika neno ambalo mtoto hakulisema, na umweleze kwa nini, ila hutamwacha peke yake na matokeo. Muulize yeye na bibi kama watakubali mzungumze na Odongo pamoja, Jumamosi, kabla hujatuma chochote. Nyumba ni yao, neno hilo ulilisikia kliniki lakini lilitoka jikoni kwao, usiwaendee kwa nyuma. Bibi mwenyewe aamue kama atasema au atakaa tu pale. Mzee asisemewe kama mtoto.

Mkimpata, anza na mtoto. Usianze na kosa la mtu yeyote. Mweleze ulishika jagi, ukanyamaza, binti yake akakutazama machoni akasema "pi" akiomba maji. Kisha mwambie unachokijua kama mtaalamu, na hapo usinong'one. Umesema wewe ni binti mdogo wa Kisukuma. Sawa, kwenye mambo ya ndoa yao na mama yao wewe ni mdogo, nyamaza. Lakini kwenye lugha ya mtoto wao walikuja kwako, walilipa nauli kuja kukuuliza, sasa unawanyima jibu kwa adabu? Mwambie lugha mbili hazimchelewishi mtoto. Mwambie mtu mzima aliyekatazwa lugha anayoimudu huwa hamsemeshi mtoto kabisa, na mtoto hujifunza kusema kwa kusemeshwa. Mwambie bila kumdhalilisha, kwa sababu yule baba hakukataza kwa ubaya. Mtu aliyesema "sitaki mwanangu anione mgeni" ni mtu wa kuzungumza naye.

Baada ya hapo ndipo uandike, maelezo ya namna moja, mama na baba wasome kitu kilekile. Andika alichosema kwa herufi zilezile ulizosikia, na maana yake. Usiandike nani alikaidi na nani alifumba macho. Maelezo ya kipindi ni ya mtoto, kesi ya bibi haina nafasi humo. Na mwisho mpe Odongo kazi. Umekuwa ukimtumia habari tu, kama mtu anayetumiwa matokeo ya mpira. Huyo baba Kijaluo ni chake tangu tumboni. Mpe kitu anachoweza kufanya akiwa hukohuko na simu yake.

Na wewe Truphosa, najua utasoma. Mama uliyemwambia mtaalamu kwamba hata msibani watu wanashiriki vizuri, ulifungua mlango ambao neno la mwanao limeupitia. Usiogope sasa.

Akikataa? Huenda akakataa. Akikasirika mwache akasirike, usibishane, mwambie mtazungumza tena. Ila neno la mtoto libaki lilivyo. Nenda, mwanangu, na ukimaliza nieleze, maana mume wangu ameshaanza kuuliza.

EVELINA ALITUANDIKIA TENA JUMAPILI

Mama Sabina, shikamoo tena! Nilifanya ulivyosema. Truphosa alisita, akasema ngoja nimuulize mama, na bibi akajibu kwa kifupi, "Mwalimu aje." Jana mchana nikaenda Mabatini. Tulikaa chumbani kwao, Truphosa ameshika simu tumeiweka sauti ya juu, bibi kwenye kigoda, Amondi mapajani kwake anachezea vifungo vya gauni langu.

Nilianza na jagi kama ulivyonielekeza. Nilipotamka "pi" Truphosa akadhani simu imekatika, akaisogeza mdomoni.

"Baba Amondi, upo?"

"Nipo," akasema. Halafu akauliza, "Nani amemfundisha?"

Mimi nikafungua mdomo, lakini bibi akachukua simu. Aliongea kwa Kijaluo, polepole, na Truphosa akanitafsiria sikioni: "Ni mimi. Nilinyamaza ulivyotaka. Nikaona nikinyamaza mimi na mtoto ananyamaza. Nikashindwa. Ukitaka kunirudisha, njoo unirudishe mwenyewe."

Odongo akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. Akasema, "Mwalimu, mimi darasa la kwanza nilichekwa matamshi yangu mpaka nikaacha kunyoosha kidole. Hata jibu nikilijua, sinyooshi. Sikutaka na huyu achekwe." Nikakumbuka ulivyoniambia nisinong'one. Nikamwambia, "Baba Amondi, Kiswahili atakipata, mtaa mzima huu unakiongea, mama yake anakiongea, shule itakiongea. Hakitamkosa. Ila neno lake la kwanza limekuja kwa Kijaluo, nawaomba msiache kumsemesha."

Akauliza, "Na mimi nikimsemesha kwa simu inasaidia?"

Nikamwambia jaribu sasa hivi. Msemeshe kidogo, halafu nyamaza, usubiri.

Akaanza kumsemesha binti yake kwa Kijaluo, sauti yake ikabadilika kabisa, ikawa ya mtu mwingine, laini. Amondi akaacha vifungo vyangu. Akaitazama simu. Akaigeuza akatazama nyuma yake, akaweka sikio. Baba akanyamaza kama nilivyomwambia, na sisi wote tukanyamaza, bibi ameshika mkono wa Truphosa. Amondi akaisogelea simu, akasema neno.

Nikadhani anaomba maji, nikainuka nichukue kikombe. Bibi akanivuta gauni nikakaa. "Siyo maji," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Amesema *bi*. Bi ni njoo. Anamwita baba."

Odongo alikuwa ameshaelewa kabla yetu. Tulimsikia anahema, halafu akasema "mama", mara moja tu, na sijui alikuwa anamwita mama yake au mke wake, kwa sababu wote wawili waliitika.

Nikaandika palepale, nimekaa sakafuni, nikawatumia wote wawili maelezo yaleyale:

"Jumamosi, nyumbani. Amondi alisikia baba yake akimsemesha kwa Kijaluo kwenye simu. Aliitafuta sauti nyuma ya simu. Baba aliponyamaza na kusubiri, Amondi alisema 'bi', yaani njoo. Cha kufanya nyumbani wiki hii: baba aje."

Jibu la Odongo lilifika sijasimama hata. Aliandika, "Mwalimu, nimeshauliza boti. Kesho jioni nipo Mabatini."